Tuliajiriwa siku moja, yeye yuko F, mimi na digrii yangu bado D. Miaka yangu imeenda wapi?

Mwl wa Kemia

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale mliopita ofisi za TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) wilaya, maafisa utumishi, na walimu wakongwe mnaozijua hizi nyaraka. Wenye kejeli mnaruhusiwa pia, ila mje na jibu.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Kemia na Baiolojia shule ya kata moja huku Kanda ya Ziwa. Niliajiriwa 2012 na stashahada, nikaanzia TGTS C (madaraja ya mishahara ya walimu, herufi ikisogea mbele mshahara unapanda) kama wenzangu wote. Siku niliyoripoti halmashauri niliripoti pamoja na kijana mmoja tuliyesoma naye chuo. Tulikaa nyumba ya wageni moja tukisubiri fedha za kujikimu (vyumba tofauti, kabla hamjaanza). Yeye alipangiwa shule ya barabarani, mimi nikapangiwa huku ambako mvua ikinyesha bodaboda anakushusha mtoni, mengine unajijua mwenyewe.

Tulithibitishwa kazini pamoja. Mwaka 2016 tukapata barua za kupanda kwenda D pamoja. Hazijakaa hata kidogo, serikali ikasitisha kila kitu kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti feki. Mwisho wa 2017 tukapewa D upya, tarehe mpya, na ile ya 2016 ikawa kama haijawahi kuandikwa. Hapo bado tuko sawa.

Mimi nilikuwa nasoma Chuo Kikuu Huria, shahada ya sayansi na elimu, nikiwa kazini na kwa ruhusa ya mwajiri. Nilisoma kwa koroboi la kisasa, yaani tochi ya simu. Nikamaliza 2018, nikapeleka vyeti, vikahakikiwa, nikasubiri. Juni 2021 ndipo nikapata barua ya kubadilishiwa muundo kuwa mwalimu wa shahada. Nikashangilia, nikachinja na kuku.

Sasa tazameni. Mwenzangu ambaye hajagusa kitabu tangu chuo alipanda E mwaka 2022. Mwaka 2024 ukaja huu mserereko (madaraja ya kufidia waliocheleweshwa na zuio la 2016), akapanda F. Mimi niko D. D ile ile ya 2017. Wanafunzi wa kidato cha tano wanakuja shuleni kwetu kuniomba niwaelekeze mole concept, yeye ananipigia simu nimtumie maswali ya mada hiyo hiyo, halafu mwisho wa mwezi ananizidi kwa pesa ambayo ningemlipia mtoto ada ya muhula mzima.

Nilipouliza wilayani nikajibiwa "muda wako bado". Bado vipi na nina miaka zaidi ya kumi na tatu kazini? Nataka kujua muda huo unahesabiwa kuanzia wapi, kama mserereko unanihusu au haunihusu, na kama nikiandika barua niandike kwa nani ili isiishie kwenye droo.

Nawasilisha.

Kidato cha Nne C

Pole sana mwalimu. Jibu ni fupi, mwenzako ana mtu halmashauri. Tafuta na wewe mtu wako.

Mama Wawili

Mimi ndiyo maana niligoma kusoma. Nina stashahada yangu, niko F, naenda zangu G nikijaliwa. Walimu wa shahada wananisalimia "shikamoo" kwa umri, mimi nawajibu kwa salary slip. Poleni sana ila kusoma kwa nchi hii ni starehe ya mtu mwenye hela zake.

Babu Tange

Mwl wa Kemia, shikilia hapo hapo usimtafute mtu yeyote. Nimekaa ofisi za utumishi wa walimu tangu enzi ile ni Idara iliyo chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, nikapita kwenye mabadiliko ya Julai 2016 ilipoanza kazi Tume ya Utumishi wa Walimu kwa Sheria Namba 25 ya 2015, nikastaafu nikiwa bado nahesabu majalada. Kisa chako nimekiona kwa mamia. Mwenzako huenda hana mtu yeyote. Ana tarehe tu.

Elewa jambo hili kwanza, maana ndilo walimu wengi hawaambiwi. Serikali ina saa mbili kwako. Ya kwanza ilianza siku uliyoajiriwa. Hiyo inahesabu pensheni yako, likizo yako, na mkono wa heri siku ya kuagwa. Ya pili inaanza upya kila unapopewa cheo, na ndiyo inayotazamwa kwenye kupanda daraja. Kwenye tange (orodha ya ukuu kazini) kuna safu ya tarehe ya ajira na safu ya tarehe ya cheo cha sasa. Anayeandaa orodha ya wanaostahili anaangalia hiyo safu ya pili. Unaweza kuwa na miaka ishirini kazini na miaka miwili kwenye cheo, ukaambiwa muda bado, na aliyekuambia hajakudanganya.

Masharti yenyewe siyo siri. Uwe umethibitishwa kazini. Uwe umekitumikia cheo ulicho nacho kwa muda unaotakiwa, miundo ya utumishi imezoea kusema usiopungua miaka mitatu, ila kiutendaji siku hizi vibali vinakwenda na minne. Utendaji wako uwe umepimwa na ukaonekana mzuri, zamani kwa fomu za OPRAS, sasa kwa mfumo wa mtandaoni wa PEPMIS. Usiwe na shauri la nidhamu. Na lile ambalo walimu hulisahau kwa kuwa haliko mikononi mwao, nafasi hiyo iwe imo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mwajiri wako, na kibali kiwe kimetoka Ofisi ya Rais Utumishi. Kamati ya TSC ya wilaya inaweza kukuona unastahili kwa kila kigezo, lakini jina lako kama halikuombewa fedha, kamati itakaa, itakunywa chai, itaondoka.

Sasa kisa chako. Ulipewa D mwisho wa 2017 ukiwa kwenye ngazi ya stashahada. Kwenye ngazi hiyo D ni cheo cha pili, mtu anakipata kwa kupanda. Ukaleta shahada. Kwenye ngazi ya shahada D ndiyo mlango wa kuingilia, Mwalimu Daraja la III C, anaanzia hapo kijana aliyetoka chuo jana. Walipokubadilishia muundo Juni 2021 hawakukupandisha, walikutoa kwenye ngazi moja wakakuweka chini ya ngazi nyingine, na kwa bahati mbaya chini ya ngazi hii ni sawa na mahali ulipokuwa umefika kwenye ile. Mshahara haukusogea lakini saa ya pili ilirudishwa sifuri. Miaka yako ya D kuanzia 2017 hadi 2021 ilibaki kwenye ngazi uliyoiacha.

Mwenzako hakuiacha ngazi. D yake ya 2017 ikazaa E ya 2022 kwa muda wa kawaida kabisa. Halafu serikali ilipoanza kutoa madaraja ya mserereko kwa waliocheleweshwa na zuio la 2016, yeye alionekana vizuri sana kwenye orodha, kwa sababu historia yake ni mstari mmoja ulionyooka wenye shimo moja katikati. Yako ina kona. Mtu anayepitia majina mia tatu kwa usiku mmoja haoni kona, anaona "cheo cha sasa: 2021" anapita.

Usimchukie huyo kijana, na usiache kumtumia maswali ya mole. Shida haiko kwake.

Niseme na jingine ambalo nikiwa kazini nisingelisema. Utaratibu huu ni mbovu. Mtu aliyejisomesha akiwa kazini, somo lile lile analofundisha, tena Kemia ambayo shule za kata zinaililia, hawezi kuwa nyuma ya mtu aliyekaa. Niliwahi kuliuliza kwenye kikao, nikaambiwa muundo ni muundo. Sawa, muundo ni muundo, lakini muundo huandikwa na watu.

Kidato cha Nne C

Babu umenifunga mdomo. Mie nilijua ni rushwa tu.

Mama Wawili

Lakini Babu si umethibitisha nilichosema? Angekaa na stashahada yake leo angekuwa F.

Babu Tange

Mama Wawili, leo ndiyo. Tazama mbele. Wewe ngazi yako ina ukomo wa chini kuliko wa kwake, na ukifika ukomo unakaa hapo mpaka siku ya kustaafu. Yeye bado ana umri, ngazi yake inakwenda juu zaidi. Halafu ukuu wa shule ya sekondari siku hizi wanatazama shahada. Ila nakubaliana nawe kwa sehemu moja. Mtu anayesoma akiwa kazini anatakiwa apige hesabu ya lini apeleke vyeti. Kama umebakiza miezi michache upande daraja kwenye ngazi uliyo nayo, uliza kwanza, usikimbilie kubadilisha muundo kwa sababu cheti kinanukia wino. Nimeona mwalimu wa stashahada aliyekuwa tayari E akabadilishiwa muundo kwenda D. Mshahara wake haukushushwa, mtu wa namna hiyo huombewa mshahara binafsi ili asipungukiwe, lakini akakaa miaka na mshahara wa E na cheo cha D, anasubiri cheo kiufikie mshahara wake. Mkewe alikuwa anamuuliza kwa nini kila mwaka anapeleka barua wilayani na hakuna kinachoongezeka.

Mwl wa Kemia

Babu nimesoma mara mbili. Nimeingia ESS (mfumo wa mtandaoni wa taarifa za mtumishi) sasa hivi, kweli, tarehe ya cheo imeandikwa 01/06/2021. Nilikuwa siangalii hapo, naangalia mshahara tu.

Swali la pili. Ile barua ya 2016 ninayo picha yake kwenye simu, niliipiga kabla sijaipeleka barua ofisini. Ina kumbukumbu namba na sahihi. Je, ina uzito wowote au ni karatasi la kumbukumbu?

Babu Tange

Mwalimu wangu, hiyo ndiyo silaha yako pekee, usiifute hata simu ikijaa.

Sikiliza. Mserereko haukuletwa kumzawadia mtu. Uliletwa kumrudisha mtumishi mahali ambapo angekuwa kama zuio la 2016 lisingemkuta. Kwa hiyo hoja yako usiijenge juu ya mwenzako. Ukiandika "mwenzangu fulani yuko F" umeandika malalamiko, na malalamiko yanajibiwa kwa "maelezo yako yamepokelewa". Ijenge juu ya tarehe zako mwenyewe. Kwamba ulistahili na ukapewa D mwaka 2016, ikasitishwa, ukapewa upya 2017. Kwamba baadaye ulijiendeleza kwa ruhusa, ukabadilishiwa muundo 2021 ukiwa tayari umeitumikia D karibu miaka minne. Kwamba kama zuio lisingekuwepo, na kama muda wa kushughulikia vyeti vyako vilivyofika 2018 usingekuwa mrefu hivyo, ungekuwa umeshakaa kwenye ngazi ya shahada muda wa kutosha kupanda E zamani. Halafu unaomba. Usidai, omba, ingawa ni haki yako. Kichwa cha barua: Yah: Maombi ya kurekebishiwa cheo.

Hicho kipande cha vyeti vya 2018 ndicho kizito kuliko vyote, na naona umekipita kwa haraka kwenye maelezo yako. Uliwasilisha 2018, barua ikatoka 2021. Una ushahidi wa siku uliyowasilisha? Nakala yenye mhuri wa kupokelewa? Kama unao, hapo kuna miaka karibu mitatu ambayo siyo yako kuibeba. Kama hauna, nenda masjala (chumba cha majalada) uombe jalada lako litazamwe. Mwalimu ana jalada kwa mwajiri na jalada TSC, na mara nyingi kilichopotea huku kimo kule. Karatasi inapoingia jaladani hupewa namba ya folio, ile namba inapanda kwa mpangilio, kwa hiyo hata kama mhuri umefifia folio iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake zitakuambia iliingia lini. Makarani wa masjala wanajua hayo kuliko maafisa, wasalimie vizuri.

Barua yenyewe inakwenda kwa Katibu Msaidizi wa TSC wilaya, kupitia kwa mkuu wa shule wako, nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Usiruke mkuu wa shule hata kama hamuivi. Barua iliyoruka ngazi inarudishwa kwako ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu, na mwezi umekwisha.

Chaki ya Mkopo

Naomba nichomekee. Mimi nilijitosa kusoma shahada ya rasilimali watu, nikijua nikimaliza wananibadilishia muundo. Wamekataa katakata. Wanasema siyo ya ualimu. Nina deni la bodi ya mikopo na deni la saccos, na bado niko C.

Babu Tange

Chaki, pole. Hapo hawajakuonea. Kubaki mwalimu na kubadilishiwa muundo wa ualimu kunahitaji sifa ya ualimu. Shahada yako inakupa sifa ya kada nyingine, kwa hiyo ombi lako lilipaswa kuwa la kubadilishwa kada uwe afisa utumishi, na hilo linategemea kama mwajiri ana nafasi hiyo na yuko tayari kumpoteza mwalimu. Mara nyingi hayuko tayari. Wapo waliojinusuru kwa kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu, lakini hiyo inamfaa zaidi mwenye shahada ya somo linalofundishwa shuleni. Rasilimali watu utamfundisha nani kidato cha pili?

Walimu wanaofikiria kusoma, someni waraka kabla ya kusoma kozi. Na ruhusa iwe ya maandishi. Ruhusa ya "Mkuu kaniambia nenda tu" haina folio.

Mwl Kijana 2021

Shikamoo Babu. Mimi niliajiriwa 2021 na shahada, namaliza miaka minne sasa. Kwetu wametangaza asiye na PEPMIS asahau daraja. Tatizo shule yetu haina mtandao, mpaka nipande kilima cha kanisa ndipo 4G inasoma, na mkuu wa shule naye haidhinishi kazi nilizojaza kwa sababu simu yake ni ya batani. Nifanye nini? Nisije nikakwama kwa ajili ya simu ya mtu mwingine.

Babu Tange

Marahaba. Haya ya PEPMIS nimeyakuta mlangoni wakati natoka, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokiona kwa wajukuu zangu walimu. Malengo yaingie mapema mwaka wa fedha unapoanza Julai, usisubiri Juni watu wote wamepanda kilima. Jaza kazi zinazopimika, "kufundisha mada ya umeme kidato cha tatu na kusahihisha mazoezi", siyo "kutekeleza majukumu mengine". Kuhusu mkuu wako, wala usigombane naye. Mwombe mkae siku moja na mwalimu wa TEHAMA au mwenye simu janja, aingie kwa akaunti yake mwenyewe, aidhinishe za walimu wote kwa mpigo. Neno lake la siri abaki nalo yeye. Nasema hivyo kwa sababu najua shule ambazo mkuu amempa karani neno la siri, karani akawa ndiye anayewapima walimu.

Hao wa OPRAS msijidanganye kwamba zamani ilikuwa bora. OPRAS tulikuwa tunajaza fomu za mwaka mzima kwa siku moja chini ya mwembe, wino mmoja, alama zinafanana kama mapacha.

Mwl Karibu na Sitini

Nami nina mchango mdogo, na swali. Nina miaka 57, stashahada, TGTS F. Walimu vijana mnahesabu daraja kwa mshahara wa mwezi huu. Sisi tunahesabu kwa mafao. Kikokotoo kinatazama wastani wa mishahara mikubwa ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Maana yake daraja nikilipata nikiwa na miezi sita ya kustaafu, linaniongezea kidogo mno. Nikilipata leo linanisaidia miaka yote mitatu. Kuna wenzangu walipata mserereko wakiwa wamebakiza muda mfupi, wakasherehekea, hesabu ilipotoka wakanyamaza. Swali langu kwa Babu: je, wanaokaribia kustaafu hutazamwa kwanza?

Babu Tange

Ndugu yangu umelisema vizuri kuliko ningelisema mimi. Afisa mwenye busara akipewa nafasi chache huwatanguliza wanaokaribia kustaafu, nimefanya hivyo mwenyewe pale ambapo wote wana sifa sawa na fedha haitoshi. Lakini hiyo ni busara ya afisa, usiitegemee kama haki. Nenda ofisini ukiwa na tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya cheo kwenye karatasi moja, uwaeleze kwamba una miaka mitatu tu iliyobaki na ndiyo hiyo hiyo itakayohesabiwa. Afisa kijana hajafika huko, hajui, mwambie. Na uhakiki tarehe yako ya kuzaliwa kwenye mfumo inafanana na ya kwenye barua ya ajira. Nimeona mtu anastaafishwa na kosa la tarakimu moja.

Mama Wawili

Sasa nimeelewa kwa nini mume wangu anataka kujua daraja langu kuliko ninavyotaka mimi.

Ila niulize kwa niaba ya wengi. Kuna watu wanachanganya ukuu wa shule na daraja. Mkuu wetu ni D, ana miaka michache kazini, anawaongoza watu wa G. Analipwa zaidi?

Babu Tange

Analipwa mshahara wa D na posho ya madaraka, ambayo kwa mkuu wa shule ya sekondari ni 250,000 kwa mwezi. Siku akivuliwa madaraka posho inabaki ofisini, daraja anaondoka nalo. Kwa hiyo mtu wa G darasani anaweza kumzidi mkuu wake kwa mbali, na hakuna kosa lolote hapo. Kwa viwango vya kabla ya Julai 2022, D ilianzia 716,000, E 940,000, F 1,235,000. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini umbali kati ya daraja na daraja ndio huo huo unaouma, kutoka D hadi F mtu anaruka zaidi ya laki tano. Ukuu haukufikishi huko. Ndiyo maana Mwl wa Kemia ana haki ya kukosa raha.

Na wale mnaosema "tulipandishwa mshahara Mei Mosi", hicho ni kitu kingine tena. Nyongeza ya mwaka, nyongeza ya kima cha chini, na kupanda daraja ni mambo matatu. Nyongeza ya mwaka inakusogeza ndani ya daraja lako, D1 kwenda D2, pesa ya vocha na sukari.

Mwl wa Kemia

Wakuu nimerudi. Nilikwenda wilayani, nimekaa masjala mpaka karani akaniletea soda. Kwenye jalada la mwajiri barua yangu ya kuwasilisha vyeti haipo. Kwenye jalada la TSC ipo, mhuri wa Agosti 2018, na nyuma yake kuna dokezo la afisa: "subiri maelekezo". Maelekezo yenyewe sikuyaona kwenye jalada, kuna folio moja imeruka.

Mkuu wa shule amesaini barua yangu bila neno. Kumbe naye alibadilishiwa muundo mwaka huo huo, ameniomba nakala aitumie kama mfano.

Kitu kimoja sijui. Katibu Msaidizi ameniambia kwa mdomo kwamba jina langu limo kwenye orodha ya kawaida ya wanaostahili kupanda E, kwa hiyo nisihangaike na barua, nisubiri. Nikipewa E ya kawaida, ombi la kurekebishiwa si litakuwa limekufa? Nisubiri au nipeleke?

Babu Tange

Peleka. E ya kawaida itaanza siku itakayotolewa na saa ya pili itaanza upya kutoka hapo, utaingojea F miaka mingine minne. Ombi lako halihusu E tu, linahusu tarehe. Wakikupa E, pokea, saini kukubali cheo ndani ya muda walioandika, na ombi lako libaki mezani likisema kwamba E hiyo ilipaswa kuwa ya tarehe ya nyuma au ifuatwe na mserereko. Kimoja hakiui kingine isipokuwa wewe mwenyewe ukiandika kwamba umeridhika. Usiandike neno "nimeridhika" popote.

Ambatanisha hiyo picha ya 2016 ikiwa imechapishwa, nakala ya ile ya Agosti 2018, na uitaje kwa namba yake ya folio. Hilo dokezo la "subiri maelekezo" usililalamikie, litaje tu kwa tarehe. Anayesoma ataelewa. Kopi yako igongwe mhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, na jina la aliyepokea. Ikipita miezi miwili bila jibu, andika ya kukumbushia ukirejea namba ile ile ya kumbukumbu, na nakala ya tatu ipeleke kwa mwakilishi wa CWT (Chama cha Walimu) wilaya. Si unakatwa asilimia mbili kila mwezi? Wafanye kazi.

Mwl wa Kemia

Nimeshachapisha. Kesho asubuhi kuna gari la mahindi linaenda mjini, dereva kasema nikae mbele. Nikipata mhuri nitaweka picha hapa, nitaficha cheki namba (namba yangu ya mtumishi).

Kidato cha Nne C

Ukifika muulize karani folio iliyoruka iko wapi. Kwa upole.